Wimbo wa Komunyo wa Alhamisi Kuu: je, mateso ya Bwana yaachwe hadi Ijumaa?

Mwalimu wa kwaya, Hombolo:

Tumsifu Yesu Kristo. Ninafundisha kwaya ya kigango kimoja huku Hombolo, Dodoma, nami nimepewa kazi ya kutunga wimbo wa Komunyo wa Alhamisi Kuu. Kiitikio nimekitoa 1 Wakorintho 11:26: “Maana kila mwulapo mkate huu na kukinywea kikombe hiki, mwaitangaza mauti ya Bwana hata ajapo.” Katika beti nimetumia Isaya 53, na kwa kuwa huku kwetu watu wengi wanalima zabibu, nikaongeza Isaya 63:3, habari za yule aliyekanyaga shinikizo la kukamulia zabibu peke yake hata mavazi yake yakachafuka.

Tulipoanza mazoezi, sauti ya pili walilalamika kwamba wimbo ni wa msibani, na kwamba anayekwenda kupokea anapaswa kwenda kwa furaha. Mwenyekiti naye akaniambia mateso niyaache hadi Ijumaa Kuu. Je, wana hoja? Na beti hizi zinasimama kimaandiko?

Katekista mstaafu:

Milele amina, Mwalimu. Kwa habari ya Ijumaa, sikubaliani na mwenyekiti wako, kwa sababu Maandiko yenyewe hayakuutenganisha usiku ule na kesho yake. Mathayo 26:30 inasema kwamba baada ya karamu waliimba, kisha wakatoka kwenda mlima wa Mizeituni. Kwa desturi ya Wayahudi, Zaburi 113 hadi 118 ndizo huimbwa usiku wa Pasaka, na wafafanuzi wengi huona kwamba wimbo ule ulitoka humo. Sasa fungua Zaburi 116, ambayo ndiyo wimbo wetu wa katikati wa Alhamisi Kuu. Mstari wa 13 unasema, “Nitakipokea kikombe cha wokovu”. Ukishuka mistari miwili tu, unakutana na mauti ya wacha Mungu, kwamba ina thamani machoni pa Bwana. Kisha, kabla usiku haujaisha, Yesu yuko Gethsemane anaomba kikombe kimwepuke. Wimbo wenye kikombe kimoja tu kati ya hivyo umeliacha nusu ya fumbo nje ya mlango.

Lakini Isaya 63 iondoe. Najua mapokeo ya Kanisa yamewahi kuusoma mstari ule kuwa ni Kristo katika mateso yake, ila ukiusoma pamoja na mistari inayoufuata utaona kwamba anayekanyaga amejaa ghadhabu, na damu iliyo mavazini mwake ni ya aliowakanyaga. Muumini akirudi nyumbani akafungua Biblia yake, utamjibu nini? Zabibu zetu ni tamu, lakini zisituvute kuweka mstari mahali pasipo pake. Isaya 53:5 inakutosha.

Mwinjilisti, Dodoma mjini:

Bwana Yesu asifiwe. Mimi si Mkatoliki, na sisi husema Meza ya Bwana, lakini swali hili ni letu sote. Isaac Watts alipochapisha nyimbo zake Uingereza mwaka 1707, wimbo wake maarufu wa kuutazama msalaba, uliojengwa juu ya Wagalatia 6:14, aliuweka katika sehemu ya nyimbo za Chakula cha Bwana. Hakuuandika kwa ajili ya Ijumaa Kuu tu, kama wengi wetu tunavyoutumia leo. Kwa hiyo kuimba mateso mezani si jambo geni.

Ombi langu ni kuhusu neno moja. Ukitaka kusema kwamba Kristo alijitoa, andika “dhabihu”, kama Waebrania 10:12 inavyosema kwamba alitoa dhabihu moja kwa ajili ya dhambi. “Sadaka” ni neno zuri na la Kimaandiko pia, lakini makanisani mwetu limeelemewa na kapu. Kwaya ikiimba “sadaka yake”, nusu ya waumini wanapapasa mifuko.

Mpiga kinanda:

Naomba kuuliza jambo ambalo halijaulizwa: wimbo unakwenda kwa mwendo gani? Malalamiko ya “msibani” mara nyingi hayatoki katika maneno, yanatoka katika sauti inayoburuzwa. Tumezoea nyimbo zilizotafsiriwa, ambazo mstari wake huishia kwenye pigo zito, ilhali Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: mka-TE wakati sisi husema m-KA-te; msala-BA wakati sisi husema msa-LA-ba. Mwimbaji anavuta silabi ya mwisho ili ifikie pigo, na wimbo mzima unalemaa. Wewe unatunga, hutafsiri, basi pigo zito liangukie KA na LA, na silabi ya mwisho iachwe ishuke kwa wepesi.

Tena huko kwenu mna uimbaji wa Kigogo, sauti zinazotembea pamoja kwa umbali wa noti ya nne na ya tano. Sauti za namna hiyo huweza kubeba huzuni bila kuzubaa. Kiitikio nacho kiwe kifupi. Mstari wa Mtakatifu Paulo wote ni mrefu mno kwa watu walio kwenye foleni, na wanakwaya nao wataacha madaftari ili wakapokee. Chukua “mwaitangaza mauti ya Bwana hata ajapo”, hayo tu.

Mwalimu wa kwaya, Hombolo:

Nawashukuru sana. Kweli nilikuwa nimeuweka polepole mno, na mistari mitatu ya kiitikio iliishia kwenye noti ndefu. Isaya 63 nimeiondoa, ingawa kwa uchungu kidogo, maana sauti ya nne walikuwa wameipenda. Mahali pake nimeandika ubeti huu:

*Kikombe alichoomba kimwepuke*
*ndicho kikombe tunachokibariki;*
*alikinywa peke yake msalabani,*
*leo twashiriki pamoja mezani.*

Tutaujaribu Jumatano kwenye mazoezi, nami nitawaomba sauti ya pili ndio wauanzishe.