Tupeane uzoefu: vijiji vya Ziwa Sainte-Croix, kusini mwa Ufaransa

Wakuu, picha za maji ya feruzi ya mto Verdon kila mtu ameshaziona. Leteni yale yatakayomsaidia anayekwenda Sainte-Croix-du-Verdon, Bauduen, Les Salles-sur-Verdon au Moustiers-Sainte-Marie: usafiri, msosi, boti, na pale watu wanapokwama.

Dereva wa Masafa

Ukitua Marseille, kodi gari palepale uwanjani. Mabasi ni machache na kuzunguka ziwa bila gari ni mateso. Leseni ya Tanzania au Kenya iende na kibali cha kimataifa cha udereva, nacho kichukuliwe nyumbani kabla ya safari. Shika barabara kuu ya A51 mpaka Manosque, kisha Valensole, Riez, halafu unateremka ziwani. Tenga saa mbili.

Kwenye vituo vya tozo usiingie njia yenye "t" ya rangi ya chungwa peke yake. Hiyo ni ya wenye kifaa maalumu kwenye kioo, na ukikwama pale foleni nzima itakupigia honi. Fuata mshale wa kijani. Mafuta jaza Manosque au Riez. Pampu zisizo na mhudumu huzuia kwanza pesa nyingi kwenye kadi kuliko utakazotumia, ndipo baki inaachiwa baadaye. Kadi yenye salio dogo inakataliwa hata kama shida yako ni lita kumi. Na vijijini, pasipo na alama, anayetokea kulia kwako ndiye wa kupita kwanza, hata akichomoza kichochoroni.

Shangazi wa Lyon

Jiko la mgahawa wa kijijini linahudumia saa sita mpaka saa nane mchana. Ukifika saa tisa utaambulia kahawa na aiskrimu. Maduka nayo hufungwa mchana. Gulio la Riez ni Jumatano na Jumamosi, la Moustiers ni Ijumaa, yote asubuhi. Ikigonga saa saba wanakunja meza. Nyama ya halali msiitegemee kijijini. Nunueni Marseille, mji uliojaa Wangazija, mbebe kwenye boksi la barafu.

Halafu jamani, "bonjour" kwanza! Kuuliza bei kabla ya salamu kule ni utovu wa adabu kama kwetu pwani, na mtahudumiwa kwa kununiwa.

Mpiga Kasia

Boti ndizo zinazowapotezea watu siku. Injini za mafuta ni marufuku ziwani, kwa hiyo unakodi kayaki, boti ya pedeli au boti ndogo ya umeme, ambayo haihitaji leseni. Karibu wote wanataka kupita chini ya daraja la Galetas waingie kwenye korongo la Verdon. Julai na Agosti uwe pale kabla ya saa tatu asubuhi, au uwe umeshaweka nafasi.

Mchana upepo ukiamka, eneo la wazi linajaa mawimbi mafupi, na mota ya umeme haina ubavu. Mtu anaondoka upepo ukiwa mgongoni, anafurahia kasi, kisha anarudi akipambana nao huku betri imebaki robo na muda wa kurudisha boti umeshapita. Hapo analipa ziada. Anzeni kwa kuupinga upepo, mrudi ukiwasukuma. Kayaki ya watu wawili, mzito akae nyuma. Akikaa mbele pua inazama na chombo hakishiki njia. Korongoni mkifika kwenye maboya yaliyofunga njia, geuzeni.

Mtafuta Kivuli

Mkuu, maji yanakuwepo wakati wote?

Mpiga Kasia

Hapana. Hili ni bwawa la umeme la miaka ya 1970. Les Salles ya zamani ilibomolewa, ikazamishwa, wakazi wakajengewa kijiji kipya sehemu ya juu zaidi. Bauduen, inayoonekana leo kama kijiji cha ziwani tangu enzi, ilikuwa inatazama bonde. Kina hupanda na kushuka. Kiangazi cha 2022 ukame uliyashusha maji mpaka boti hazikuweza kuingia korongoni, kwa hiyo ulizia kabla ya kulipia. Ufukwe ni kokoto, vaa viatu vya maji. Watoto wawe karibu: ukingo huu ulikuwa ubavu wa kilima, hatua chache tu na sakafu imekwisha.

Dereva wa Masafa

Mkaa na majiko ya kuchomea nyama acheni nyumbani, na msitundike hema ufukweni, maana kupiga kambi nje ya maeneo rasmi ni marufuku na doria wapo. Siku za joto na upepo, njia za msituni hufungwa kwa hofu ya moto. Ziwa liko mpakani: Bauduen na Les Salles ni mkoa wa Var, Sainte-Croix na Moustiers ni Alpes-de-Haute-Provence, na kila mkoa unatoa masharti yake. Anayelala ng'ambo moja na kutembea ng'ambo ya pili asome ya mikoa yote miwili.