Kwa nini Kiungani haikugeuka chuo kikuu?

Mtembeza wa Malindi

Assalamu alaykum, na salamu za heshima kwa ndugu zetu Wakristo. Kazi yangu ni kutembeza wageni Mji Mkongwe, na wiki iliyopita nilikwama mbele ya mgeni, jambo ambalo si kawaida yangu. Tulikuwa ndani ya Kanisa Kuu la Mkunazini. Nilikwisha kumwonesha zile nguzo ambazo, kwa masimulizi tunayowapa wageni wote, mafundi walizisimamisha kichwa chini miguu juu Askofu Steere alipokuwa safarini, na nilikwisha kumwonesha msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, ulikozikwa moyo wa Livingstone. Mgeni huyu ni Mkenya aliyesomea Chuo Kikuu cha St. Paul's, Limuru. Akaniambia kwamba chuo chao hakikuanzia Limuru, kilianzia Freretown, Mombasa, mwaka 1903, katika kijiji cha watumwa walioachwa huru, na leo kinatoa shahada. Kisha akauliza: "Nanyi mlikuwa na Kiungani, skuli ya misheni ya Kianglikana kwa watoto waliookolewa utumwani, tena iliitangulia Freretown. Mbona haikuwa chuo kikuu?" Nikababaika, nikayageuza mazungumzo kuwa ya karafuu. Naomba anayeijua historia hii anisaidie, kwani mgeni bado yupo na swali lake analo.

Mjukuu wa Mbweni

Mwanangu, swali la mgeni wako ni la haki, na lina kichekesho ndani yake, kwa sababu misheni iliyoanzisha Kiungani ilizaliwa vyuo vikuu. Livingstone alihutubia Cambridge mwaka 1857, na waliomwitikia walikuwa watu wa Oxford, Cambridge, Durham na Dublin. Kituo chao cha kwanza, bara kwenye Mto Shire, kilivunjika. Askofu Mackenzie akafia huko 1862, na aliyemfuata, Askofu Tozer, akaihamishia misheni Unguja mwaka 1864. Seyyid Majid, Sultani wa Unguja, alimpa watoto watano wa kiume walionaswa katika jahazi la watumwa, na hao ndio wanafunzi waliofungua daftari. Kiungani yenyewe, kusini mwa mji kwa njia ya Mbweni, ilinunuliwa baadaye kidogo.

Kwa Kizungu waliiita "college", nasi tukaiita chuo, lakini tusidanganywe na jina. Hapa kwetu hata mtoto anayeanza alifu na be husemwa yuko chuoni. Waliofika Kiungani walikuwa watoto wa Kiyao, wa Kimakua na makabila mengine ya bara, wengi hawamjui tena baba wala mama, na kazi ya mwanzo ilikuwa kuwafundisha kusoma, kuandika na kukaa pamoja kwa lugha moja, yaani Kiswahili. Mwaka 1887 Bwana Madan, aliyekuwa mwalimu wao, alichapisha masimulizi ya vijana hao wenyewe juu ya namna walivyokamatwa na kuuzwa. Ukisoma utafahamu kwa nini hakuna aliyekuwa na haraka ya shahada.

Lengo lilikuwa walimu na mapadri, na walipatikana. John Swedi, mmoja wa wale watano, alipewa ushemasi 1879. Cecil Majaliwa, naye aliyewahi kuwa mtumwa, akawa padri mwaka 1890, akaenda kuishi na watu wake Chitangali, huko kusini.

Sasa jibu lenyewe, kwa rai yangu. Soko la watumwa lilifungwa Juni 1873, na utumwa ukaondolewa kisheria Unguja mwaka 1897. Watoto wa majahazi wakaisha. Wanafunzi wakawa wana wa Wakristo wa bara, kutoka Bonde na Masasi, ambao walivukishwa bahari kuja kusoma kisha wakavukishwa tena kurudi kufundisha. Mambo hayo hayakuweza kuendelea, na mwaka 1925 skuli ikahamia Minaki, karibu na Kisarawe. Skuli iliwafuata wenyewe.

Mpemba wa Dodoma

Shikamoo Bibi. Kwa adabu zote, hapo mwisho nina neno. Kuhama hakuui chuo, hata St. Paul's ilihama Mombasa kwenda Limuru mwaka 1930. Na habari ya kwamba watoto wa watumwa hawakuwa tayari kwa shahada haisimami mbele ya mfano wa Fourah Bay, Sierra Leone. Chuo hicho kilianzishwa na wamisheni wa Kianglikana mwaka 1827 katikati ya watu waliookolewa utumwani, na mwaka 1876 kikaunganishwa na Chuo Kikuu cha Durham, wanafunzi wakaanza kupata shahada za Durham. Ni Durham hiyo hiyo uliyoitaja wewe! Mlango ulikuwepo, ila Wamisheni wa Unguja hawakuubisha, nadhani kwa sababu walihofia kumtoa kijana katika watu wake na kumfanya Mzungu mweusi. Hofu hiyo naielewa, lakini gharama yake tuitaje.

Sababu kubwa zaidi, nionavyo mimi, ni ya sheria. Minaki iligeuka skuli ya sekondari iliyosifika, na baada ya Sheria ya Elimu ya 1969 ikawa ya Serikali. Seminari hazikuguswa namna hiyo. Kwa hiyo mlango wa vyuo vikuu binafsi ulipofunguliwa na marekebisho ya sheria ya 1995, waliokuwa na kitu mkononi ndio waliopita. Walutheri walikuwa na chuo chao cha theolojia, kilichoanzia Lwandai 1947 na kuhamia Makumira 1954, kikawa msingi wa Chuo Kikuu cha Tumaini. Wakatoliki walikuwa na taasisi ya Nyegezi, Mwanza, ya mwaka 1960, ikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998. Waanglikana wenyewe, kanisa la Kiungani, walichelewa hadi 2007 walipofungua St. John's hapa Dodoma, katika majengo ya iliyokuwa Sekondari ya Mazengo. Mazengo nayo ilianza kuwa skuli ya kanisa, ikachukuliwa, ikarejeshwa. Minaki haikurejeshwa.

Na tusisahau kwamba mlango huo haukupitwa na Wakristo peke yao. Vyuo vikuu vya mwanzo hapo Unguja, cha Tunguu na kile cha elimu Chukwani, vilianzishwa na jumuiya za Kiislamu mwaka 1998, kabla SUZA, chuo kikuu cha Serikali ya Zanzibar, haijatungiwa sheria.

Mjukuu wa Mbweni

Marahaba, mwanangu. Ya Durham nakubali, nimeshindwa. Ila katika gharama ulizozitaja, tia na faida. Steere alikuwa na mtambo wa chapa, na vijana wa misheni ndio waliopanga herufi za risasi moja moja, kinyumenyume, kwa Kiswahili cha mjini hapa. Kitabu chake cha sarufi kilitoka 1870. Wakuu wa elimu walipokutana Mombasa mwaka 1928 kuchagua lahaja ya kusanifiwa, Kiunguja kilikuwa kimeshapigwa chapa kwa zaidi ya nusu karne. Lugha hii tunayobishania ndani yake imepita Kiungani.

Mtembeza wa Malindi

Ahsanteni sana, Bibi na ndugu yangu wa Dodoma. Mgeni wangu yupo Nungwi hadi Jumapili. Nitamchukua Jumamosi alasiri, jua likishapoa, tupite njia ya Kiungani hadi Mbweni, nimwoneshe magofu ya skuli ya wasichana, na lile kanisa dogo alipozikwa Bi Caroline Thackeray aliyewafundisha. Mke wa Padri Majaliwa, Lucy, alitoka Mbweni pale pale. Swali la Durham nitamwachia yeye alijibu, kwani ndiye mwenye shahada.