Likizo ya malipo kwa wanaojitolea kuwa menta wa vijana: naunga mkono, ila siyo ya siku tatu za mkupuo kwa mwaka

Wadau naomba hii ishu tuichambue vizuri maana kila ikiguswa naona watu wanakimbilia "ni jambo jema sana" au "waajiri wasibebeshwe mizigo" halafu mjadala unaishia hapo. Swali lenyewe ni hili: mfanyakazi anayejitolea kuwa menta wa kijana, yaani ana kijana wake mmoja anakutana naye kila wiki, anamsaidia masomo, anamsikiliza, anamsindikiza kwenye maamuzi, je apewe muda wa kazi wenye malipo kwa shughuli hiyo? Na kama apewe, iwe haki iliyoandikwa au iwe hisani ya bosi?

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Apewe, tena iandikwe, lakini apewe masaa kidogo kidogo mwaka mzima na siyo siku za mkupuo, na ambaye hawezi kuahidi kukaa na huyo kijana mwaka mzima asipewe kabisa. Najua hiyo ya mwisho itawaudhi baadhi yenu, ngoja nieleze nimetoka wapi.

Miaka kadhaa nyuma nilipangiwa kijana wa miaka 13. Tulikuwa tunakutana Jumatano saa 10 jioni pale shuleni kwao, maana saa 11 na nusu geti linafungwa, na mimi kazini natoka saa 11. Bosi wangu wa wakati ule hakuwa mtu mbaya, alinipa ruhusa ya mdomo, "we nenda tu utafidia", basi wiki ya kwanza poa, ya pili poa, ya tatu ikaingia ripoti ya haraka nikakimbia nikafika saa 11 na dakika 20, nikamkuta kakaa kwenye ngazi, daftari la hesabu liko wazi mapajani kwenye ukurasa uleule tulioishia, kaandika namba za maswali pembeni kuanzia 1 mpaka 8 na hajajibu hata moja, alikuwa anasubiri tufanye wote. Tukafanya swali moja mlinzi akaja kutuambia muda umeisha. Wiki iliyofuata sikufika kabisa. Iliyofuata tena nikawahi, yeye ndo akaja bila daftari. Nikamuuliza liko wapi akasema "nilijua anko hutokuja". Hakusema kwa hasira wala nini, alisema kawaida tu, kama mtu anayekwambia mvua inanyesha, na hilo ndo lililoniuma kuliko angenifokea.

Sasa hapo nani wa kulaumiwa? Bosi aliruhusu. Mimi nilitaka kwenda. Tatizo ruhusa ya mdomo inashindwa na kazi ya kwanza ya haraka itakayotokea, na ofisini kazi ya haraka haikosekani. Ingekuwa imeandikwa kwamba Jumatano kuanzia saa 9 na nusu huyu mtu hayupo, ile ripoti ingepangwa kuzunguka hilo, kama tunavyopanga mambo kuzunguka mtu aliye likizo ya uzazi au aliyeenda mafunzo.

Na hili la kukatisha siyo hisia zangu tu. Marekani kuna shirika la Big Brothers Big Sisters linalowaunganisha vijana na menta, mizizi yake inaanzia New York 1904, na mwaka 1995 ulitoka utafiti mkubwa juu ya programu yake, vijana 959 wa miaka 10 hadi 16 wakafuatiliwa kwa miezi 18, wengine walipewa menta na wengine walibaki kwenye foleni ya kusubiri. Waliopewa menta uwezekano wao wa kuanza kutumia dawa za kulevya ulikuwa chini kwa asilimia 46 ukilinganisha na wenzao, na kuanza pombe chini kwa asilimia 27. Watu wengi wanazinukuu hizo namba wanaishia hapo. Lakini mwaka 2002 watafiti Jean Grossman na Jean Rhodes walizirudia data zilezile wakaangalia uhusiano ulidumu muda gani, na wakakuta waliokaa na menta mwaka mzima au zaidi ndo walionufaika zaidi, ila wale ambao uhusiano ulivunjika ndani ya miezi 3 walishuka, kujithamini kwao kulipungua. Umeelewa hapo? Mtoto aliyepewa menta akakimbiwa mapema anaweza kuwa pabaya kuliko mwanzo.

Ndo maana nasema siku za mkupuo hazifai kwa jambo hili. Uingereza chama cha Conservative kwenye uchaguzi wa 2015 kiliahidi siku 3 kwa mwaka zenye malipo za kujitolea, kwa wafanyakazi wa serikali na wa makampuni yenye watu 250 au zaidi, na ile ahadi haikuja kuwa sheria. Hata ingekuwa, siku 3 unapanda miti, unapaka rangi darasa, unapiga picha mmevaa tisheti zinazofanana, sawa kabisa miti inahitajika na darasa linahitaji rangi. Kijana wa miaka 13 utamfanyia nini kwa siku 3? Mtajuana majina siku ya kwanza, ya pili atakueleza kidogo, ya tatu mnaagana.

Tupige hesabu kidogo. Saa 1 kwa wiki kwa wiki 50 ni masaa 50, ukigawa kwa siku ya kazi ya masaa 8 ni siku 6 na robo. Salesforce, kampuni ya programu za kompyuta ya Marekani, inatoa siku 7 kwa mwaka za kujitolea, yaani masaa 56. Kwahiyo gharama ni ileile au pungufu, tofauti ni namna ya kuikata keki. Na kwa mtu wa masaa 40 kwa wiki, saa 1 ni asilimia 2.5 ya muda wake. Jimbo la Florida lina utaratibu wa namna hii kwa wafanyakazi wake wa serikali, saa 1 kwa wiki isizidi masaa 5 kwa mwezi. Huo ndo mfumo ninaoutaka.

Sasa tuje kwa wanaopinga. Ile hoja ya "kujitolea kwa mshahara siyo kujitolea" siioni uzito wake. Mwajiri anatoa saa, mimi natoa nauli yangu, moyo wangu, Jumamosi zangu na simu za saa 4 usiku. Tuendelee.

Hoja nzito ni ya mwenzako wa dawati la pili. Alinieleza dada mmoja niliyefanya naye kazi, na nilikosa la kumjibu siku ile: "Wewe ukienda kulea mtoto wa watu, simu zako napokea mimi, na mimi nina watoto watatu nyumbani ambao hakuna anayenipa saa moja ya malipo kwenda kuwaangalia daftari." Jamani hiyo ni kweli tupu. Nimeifikiria miaka mingi na nimefika hapa: haki hii ikiandikwa peke yake itajenga chuki ofisini, na hiyo chuki itamrudia menta na mwisho kijana. Kwahiyo iende sambamba na haki ya mzazi kupata masaa ya shule ya mwanae. California wana kitu cha namna hiyo, mzazi kwenye sehemu yenye wafanyakazi 25 au zaidi anaweza kuchukua mpaka masaa 40 kwa mwaka kwa shughuli za shule za mwanae, ila sheria haimlazimishi mwajiri kuyalipia. Mi naona yalipwe yote mawili, la sivyo yule dada ana haki ya kununa. Alafu lile saa la menta lipangwe wazi kwenye ratiba ya timu, nani anashika nafasi, na isiwe mtu yuleyule kila wiki.

Kuna na hili ambalo sioni likisemwa, nani hasa ataifaidi? Tukiiacha kwenye hiari ya makampuni itakuwa likizo ya watu wa ofisini wenye kompyuta, mtu wa usafi, mlinzi, mhudumu wa shifti ya usiku, fundi wa kiwandani anayelipwa kwa siku, hao hawataiona. Na hao ndo vijana wengi wanawaelewa haraka, maana maisha yao yanafanana. Kijana anayefikiria kuacha shule akae na mtu aliyeacha akarudi akiwa mkubwa, atajifunza kitu ambacho mimi na digrii yangu siwezi kumpa hata nikae naye miaka mitano. Kwahiyo kwa mtu wa shifti saa lihesabiwe kwenye malipo yake ya siku, na kwa biashara ndogo ya watu wanne watano, kumlazimisha mwenye biashara alibebe peke yake ni kumuonea, serikali ichangie, au biashara za namna hiyo zisilazimishwe.

Masharti ninayoona hayakwepeki: menta apitie kwenye shirika au shule inayomkagua historia yake kabla hajakaa na mtoto, apate mafunzo, kuwe na mtu anayefuatilia. Siyo kila mwenye barua ya ruhusa aachiwe watoto, hapo sina mjadala. Mtafiti David DuBois na wenzake mwaka 2002 walikusanya tathmini 55 za programu za menta wakakuta kwa wastani faida ni ndogo, na inakua pale penye mafunzo endelevu, usimamizi na makubaliano ya kukutana mara ngapi. Wanaosema umenta ni dawa ya kila kitu wanatia chumvi, na kwa kutia chumvi wanawapa wapinzani silaha.

Na ukivunja ahadi ya mwaka bila sababu ya msingi kama ugonjwa au kuhamishwa? Hapa ndo bado najibizana na watu. Mi nasema hiyo haki usiipate tena kwa miaka miwili. Mwenzangu mmoja anasema ukiweka adhabu watu wataogopa kujiandikisha. Waogope basi, bora watano wanaofika kila Jumatano kuliko hamsini wanaokuja mara tatu.

Naomba niwasikie hasa mnaofanya kazi za shifti na mnaosimamia timu ndogo: hilo saa 1 kwenu linawezekana vipi, na likishindikana ni kwa sababu gani hasa?