Naombeni ushauri: sauti niliyorekodi kwa maiki nikiigeuza inaanza na mlio wa "tak"

Kinyumenyume (mleta mada)
Habari za usiku wakuu. Nina mradi wangu wa muziki wa majaribio, ule wa kukaa na kusikiliza, si wa kucheza. Uti wa mgongo wake ni sauti ya mtu anaongea. Nimeigeuza kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, isikike kuanzia nyuma kuja mbele. Sasa kabla ya neno la kwanza kuna mlio, "tak", kama mtu kagonga meza. Nimerudia kurekodi mara tatu, mlio uko palepale. Onyesho ni Jumamosi. Tafadhali wajuzi, na matusi hapana.

Mpole Sana
Nawasubiri wataalamu hapa siti ya mbele. Wakishajua kugeuza na madeni mniite.

Mzee wa Kaseti
Nyie watoto mna raha, kitufe kimoja tu. Sisi tulikuwa na mashine ya kaseti ya treki nne. Kugeuza sauti ni kuitoa kaseti, kuipindua, kuirudisha, kisha unarekodi. Ukiipindua tena, ulichorekodi kinatoka kinyume. Kitu kitamu sana. Ila hakuna aliyeniambia kwamba kaseti ikipinduliwa treki ya kwanza inakuwa ya nne, na ya pili inakuwa ya tatu. Nikarekodi gitaa langu juu ya ngoma ambazo mwenzangu alizipiga wiki nzima. Tulikaa miezi bila kusalimiana. Kuhusu "tak" sijui, mimi napita.

fundi_waya
Hiyo "tak" ni kidole chako mwenyewe, mkuu. Unapobonyeza kusimamisha kurekodi, maiki iko mezani, inasikia kitufe. Faili ikiwa imesimama sawa, mlio uko mwisho kabisa na hakuna anayeusikiliza. Ukigeuza, mwisho unakuwa mwanzo. Kata mkia kwanza, geuza baadaye. Ukisikia bado "tik" ndogo, ujue umekata wimbi kabla halijafika sifuri. Ifanye sauti ipande taratibu kwa milisekunde 5 hadi 10 za mwanzo, itapotea.

Na kwa kuwa tuko hapa: geuza sauti, iwekee mwangwi, kisha igeuze tena irudi sawa. Neno litasomeka kama kawaida ila mwangwi utalitangulia, utasikia kitu kinavimba kutoka kimya halafu mtu ndiyo anaongea. Mimi hapo huwa nywele zinanisimama.

Swali dogo. Hiyo sauti ni ya nani?

Mama Wawili
Sauti ya mtu ni amana. Mnayapindua maneno ya watu usiku wa manane halafu mnaulizana kwa nini usingizi hauji. Tafuteni kazi za mchana.

Kinyumenyume
fundi_waya Mungu akubariki, "tak" imekwisha! Ilikuwa kidole kweli. Sauti ni ya mtu tu, haina umuhimu kwenye mada.

fundi_waya
Ina umuhimu. Kama anapatikana, mwite arekodi tena maiki ikiwa mbali na kibodi, utapata kitu kisafi kuliko hicho ulichokata.

Kinyumenyume
Hawezi kuja.

Mpole Sana
Kafariki?

Kinyumenyume
Hapana jamani, yuko hai. Haya. Tulikuwa na kundi, yeye akiimba, mimi mitambo. Tulipoachana aliniambia kwa maandishi sauti yake nisiitumie tena. Hii niliipata kwenye diski ya zamani, tulikuwa tunajaribu maiki, akasema neno moja: "amani". Siku moja nikaligeuza kwa kucheza tu. Likatoka "inama". Si karibu na inama, ni INAMA yenyewe, kwa sauti yake, kama ananiamuru. Niliinama kweli kwenye kiti. Kipande kizima nimekijenga hapo, dakika 11.

Na kabla hamjanirukia: sauti yake sijaitumia. Nimetumia kinyume chake. Hakuna atakayemtambua.

Mama Wawili
Amekataa. Neno "amekataa" ukiligeuza linakuwa amekubali?

fundi_waya
Hapo umejidanganya, mkuu. Kugeuza si kuficha. Kompyuta inachukua sampuli zilezile, yaani vipimo vidogovidogo vya sauti, na kuzisoma kuanzia ya mwisho kurudi ya kwanza. Haipungui hata moja. Yeyote mwenye rekodi yako atabonyeza mara mbili na atamsikia akisema amani safi kabisa. Na hata bila kubonyeza, unene wa koo la mtu haugeuki. Waliowahi kumsikia akiimba watamjua.

Kinyumenyume
Ukumbi mzima hautabeba kompyuta. Na programu ya onyesho imeshachapishwa.

Shoka Butu
Samahani, niulize kidogo. Posti ya kwanza umesema umerudia kurekodi mara tatu. Sasa huyu aliyekukataza kwa maandishi alikuja kwako mara tatu kusema "amani" mezani? Halafu neno moja, likigeuzwa linatoa neno jingine la Kiswahili sanifu, tena la kutisha. Wakuu, hii ni chai. Imeungwa hadi tangawizi.

Mpole Sana
Duh. Nilishaanza kuhurumia.

Kinyumenyume
Nilirekodi kutoka kwenye spika! Nilidhani "tak" iko kwenye faili la zamani, nikalicheza kwa spika nikalirekodi upya na maiki. Mara tatu. Ndiyo maana kidole kilikuwa changu kila mara.

Shoka Butu
Maelezo yamekuja haraka mno.

Nusu Noti
Shoka nimejaribu kwa simu sasa hivi. Nimesema "amani", nimegeuza, imetoka "inama". Hata mkazo umekaa pake, kwa sababu ni silabi ya katikati kokote uanzie. Mke wangu kauliza niiname wapi.

Mzee wa Kaseti
Jaribuni "anika". Mimi nimepata "akina".

Mpole Sana
"Kaka" inatoka "akak". Nimemtumia kaka, amenizuia.

Nusu Noti
"Utu" ni tamu kuliko zote. Kwenye karatasi inasomeka sawa kote. Masikioni hapana: ukisema utu, ulimi unaziba kwanza, kimya kidogo, ndipo "t" inapasuka. Ikigeuzwa mpasuko unatangulia, kimya kinafuata. Ni utu, lakini kama mtu anaumeza badala ya kuutoa.

fundi_waya
Pierre Schaeffer pale redioni Ufaransa mwaka 1948 alikuwa anageuza sauti za sahani za santuri hivihivi. Ila treni alizorekodi hazikumwandikia barua ya kukataa. Mleta mada, sema "amani" wewe mwenyewe, utumie yako.

Kinyumenyume
Nimefanya. Yangu inatoka "inama" pia lakini hainiinamishi. Ni kama mtu anasoma kamusi.

Mama Wawili
Basi mwombe. Una vidole vya kubonyezea, vya kuandika huna?

Kinyumenyume
Nimemtumia kipande chote, dakika 11, nikamweleza. Saa mbili zimepita sasa. Kafungua.

Shoka Butu
Naongeza sukari.

Kinyumenyume
Amejibu. Ni sauti, sekunde 3. Nimesikiliza mara kumi, sielewi hata neno moja. Inaanza na "tak".

fundi_waya
Igeuze.

Mpole Sana
Mkuu? Umeigeuza?

Nusu Noti
Alikuwa hewani dakika 40 zilizopita.