Nusu marathoni ya Kilimanjaro na mshipa wa kisigino unaokaza asubuhi: niende, nipunguze au niache?

Mhasibu wa Tabata (mtoa mada)

Wakuu, habari za majukumu. Nina miaka 41, kilo 84, naishi Tabata, kazi yangu ni ya kukaa. Nilianza kukimbia mwaka juzi na klabu ya joging ya mtaani nikafika kilomita 15 bila shida. Tangu Simbu achukue dhahabu ya marathoni kule Tokyo Septemba 2025, ofisini kwetu kila mtu amekuwa mwanariadha. Tumejiandikisha watu 14 kwenda Moshi mwishoni mwa Februari, kilomita 21. Mimi ndiye niliyewashawishi. Fulana zimeshachapwa, mgongoni kuna "21" kubwa kama jezi ya mpira.

Sasa shida. Mwishoni mwa Novemba mguu wa kushoto ulianza kuuma nyuma, kwenye ule mshipa mnene unaoshuka kutoka kigimbi hadi kisigino. Sikuanguka, sikusikia mlio wowote. Ulianza tu taratibu, kama kiatu kinachobana. Nikaendelea kukimbia wiki mbili (najua, msinitukane). Katikati ya Desemba ikawa nikiamka natembea kama bata mpaka nifike msalani. Nikapumzika wiki 3, maumivu yakaisha kabisa. Januari nimerudi: 3, halafu 5, na Jumamosi iliyopita 8, daraja la Tanzanite na barabara ya baharini, tambarare tupu. Dakika 10 za mwanzo unauma, ukipata moto unaacha, namaliza nikiwa safi. Asubuhi ya kesho yake, bata amerudi.

Zimebaki wiki 5. Niende na 21 yangu nikiwa nimefunga bandeji, nihamie zile kilomita 5, au nibaki Dar niwapigie makofi kwenye simu? Halafu hiyo barabara ya Mweka wanayoisema, inapanda kweli au watu wanatutisha tu?

Mangi wa Pasua

Karibu nyumbani mkuu. Mweka haitishi kwa macho. Ni barabara ya lami, migomba na kahawa kushoto na kulia, watoto wanakushangilia, na inapanda. Ukidhani imeisha, inapanda tena. Mjini uko mita 800 na kitu kutoka usawa wa bahari, kule juu unavuka 1,100. Wenzenu wa 42 wanapelekwa kwanza barabara ya Dar, wanarudishwa mjini, ndipo wanapandishwa wakiwa wamechoka. Ninyi wa 21 mnapanda mkiwa wabichi, mshukuru Mungu. Kinachofuata ni kushuka mpaka uwanja wa Ushirika, na hapo watu wa Dar huwa wanajiachia kama mkokoteni uliokatika breki. Jumatatu nawaona stendi wanashuka ngazi kinyumenyume.

Kwa mguu wako sijui niseme nini. Lakini kama umefanyia mazoezi barabara ya baharini tu, hata mwenye miguu mizima ningempa pole.

Kifua Mbele

Mtoa mada acha kudeka. John Stephen Akhwari, Mexico 1968, alianguka katikati ya marathoni, goti likaumia vibaya, akafungwa bandeji akaendelea. Aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, watu wengi wameshaondoka. Akasema nchi yake haikumtuma kwenda kuanza mbio, ilimtuma kumaliza. Wewe kisigino kimekaza tu unaitisha kikao. Meza diklofenaki mbili saa moja kabla, funga bandeji, nenda.

Mama Kilomita

Kaka Kifua Mbele, Akhwari aliumia ndani ya mbio za Olimpiki, nchi nzima iko mgongoni kwake. Huyu anaumwa wiki 5 kabla ya mbio za fulana. Akhwari naye hakuwa na kilomita 5 za kuhamia.

Mtoa mada, mimi ushauri huo wa diklo niliufuata, mguu huohuo, mshipa huohuo. Siku ya mbio sikusikia kitu. Nilipanda, nikashuka, nikavishwa medali, nikapiga picha. Jioni nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki nasubiri nyama choma, nikataka kusimama, mguu ukakataa. Nilikaa miezi 7 bila kukimbia hata mita 100. Medali ipo kabatini, nikifungua kutafuta kanga inaniangalia.

Mazoezi Tiba

Kazi yangu ni fiziotherapia, na hawa wa mshipa wa kisigino nawaona kila mwaka kuanzia Januari. Kabla sijasema lolote naomba majibu matatu:

1. Ukiuminya kwa vidole viwili, unauma wapi hasa? Pale unaposhikana na mfupa wa kisigino, au juu zaidi?
2. Simama kwa mguu mmoja, shika ukuta kidogo, inua kisigino ushushe taratibu. Kulia unafika ngapi, kushoto ngapi? Usidanganye, hakuna zawadi.
3. Asubuhi, ni hatua ngapi mpaka mguu ulegee? Zihesabu kweli kweli.

Mhasibu wa Tabata

Nimefanya jana usiku na leo asubuhi. Panapouma ni vidole vinne hivi juu ya kisigino, na pamevimba kidogo kama fundo la kamba. Kulia nimefika 24. Kushoto 9, ya kumi haikutoka. Mke wangu akaniuliza nacheza ngoma gani na ukuta. Hatua nimehesabu 40, yaani msalani kwenda na kurudi.

Mazoezi Tiba

Ahsante. Hiyo 24 kwa 9 ndiyo habari yenyewe, kuliko hata maumivu.

Unaouita mshipa ni kano, kamba inayofunga misuli ya kigimbi kwenye kisigino. Ukikimbia hubeba mara 6 hadi 8 ya uzito wako kila unapokanyaga. Kwako wewe hiyo ni karibu nusu tani na zaidi, maelfu ya mara. Kano hupona polepole kuliko misuli, na kupumzika peke yake hakuiponyi. Ulipokaa wiki 3 maumivu yaliondoka kwa sababu uliondoa mzigo. Nguvu haikurudi, huenda ilipungua zaidi, na kigimbi kikalegea. Uliporudishia mzigo, kano ikakukumbusha.

Hilo la kupata moto ndilo linalowaponza wengi. Kano iliyoumia huuma mwanzo, hunyamaza katikati, hudai deni lake kesho yake. Kwa hiyo usiipime unapokimbia. Ipime asubuhi. Maumivu madogo wakati wa mazoezi, tuseme 3 au 4 kwa 10, tunaweza kuyavumilia ikiwa ndani ya saa 24 hali imerudi kama ilivyokuwa. Hatua zako zikiongezeka siku inayofuata, ulizidisha.

Sasa Mweka. Unapopanda, wayo unakunjwa juu zaidi, kano inavutwa ikiwa imebeba mzigo. Kilomita 8 zako za baharini hazijaigusa hali hiyo hata kidogo. Tatizo lako ni mlima, umbali unakuja baadaye.

Kuna daktari wa Sweden, Håkan Alfredson, aliyechapisha mwaka 1998 mazoezi yanayotumika hadi leo: unasimama ukingoni mwa ngazi, unapanda kwa mguu usiouma, unashuka taratibu kwa mguu unaouma mpaka kisigino kipite chini ya ngazi. 15 mara 3 goti limenyooka, 15 mara 3 goti limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni. Jumla 180 kwa siku. Aliwapa wakimbiaji 15 na wote wakarudi kukimbia. Lakini angalia muda: wiki 12. Siku hizi wengi wetu tunaagiza mara 3 kwa wiki, polepole sana na mzigo mgongoni, begi lenye mchele linatosha. Matokeo yanakaribiana, na mtu mwenye kazi ya ofisi hachoki kuyafanya. Kwa kuwa kwako panauma juu ya kisigino, kushusha chini ya ngazi ni sawa. Anayeumwa pale kwenye mfupa wenyewe asishushe, afanyie sakafuni.

Bandeji haitabeba nusu tani.

Babu Mzee wa Lushoto

Kijana, sisi tulikuwa tunachua kwa mafuta ya kondoo na maji ya moto yenye chumvi, siku tatu mtu yuko shambani.

Mazoezi Tiba

Shikamoo babu. Kigimbi kichuliwe, hakuna ubaya, kinalegea na mtu anajisikia vizuri. Lile fundo lenyewe lisiminywe kwa nguvu.

Dirisha la Dawa

Mimi ni mfamasia, naomba niulize swali la pembeni. Mtoa mada, mwezi mmoja au miwili kabla ya maumivu kuanza, ulimeza dawa yoyote? Hasa za kuua bakteria?

Mhasibu wa Tabata

Ndiyo, Novemba hiyohiyo. Niliambiwa nina U.T.I. nikanunua Cipro duka la dawa, siku 7. Inahusiana vipi na kisigino?

Dirisha la Dawa

Inaweza kuhusiana. Cipro na ndugu zake wa kundi hilo (levofloksasini na wengine) wanajulikana kuumiza kano, na ya kisigino ndiyo inayopata zaidi. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo lake zito kabisa kwenye dawa hizo mwaka 2008, kano kuvimba na hata kukatika. Shida inaweza kuanza siku chache baada ya kumeza, au hata miezi kadhaa baada ya kumaliza dozi. Hatari ni kubwa zaidi kwa waliovuka miaka 60 na wanaotumia dawa za steroidi. Sisemi ndiyo sababu yako, maana uzito, kuongeza kilomita haraka na kukaa kutwa vinatosha kabisa. Ila kuanzia leo, ukiandikiwa dawa sema kwamba uliwahi kuumia kano, upewe nyingine kama ipo. Na jamani, Cipro si pipi. Mtu hajapima mkojo, anakuja dirishani anaitaja kwa jina kama anaagiza soda.

Mawili ya haraka. Diklo kabla ya mbio: inazima kengele bila kuzima moto, na ukiwa umepungukiwa maji kwenye jua lile la Moshi, figo zinaumia. Na akitokea mtu wa kukuchoma sindano ya steroidi kwenye hiyo kano ili uwahi mbio, ondoka. Kano iliyochomwa huweza kukatika.

Kifua Mbele

Hapo kwenye figo nimenyamaza.

Mtumba Karume

Hakuna aliyeuliza viatu? Kama ni vya mtumba, bonyeza soli ya katikati kwa dole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, imekufa, hata kama juu kinang'aa. Na usinunue vile bapa ambavyo kisigino na vidole viko usawa mmoja, vinaivuta kano zaidi. Tafuta chenye kisigino kilichoinuka, milimita 10 hivi.

Mhasibu wa Tabata

Vyangu ni bapa kabisa. Niliambiwa ndivyo vya kisasa.

Mazoezi Tiba

Badilisha, lakini visikupe kiburi. Nakupendekezea jaribio kabla ya kuamua. Anza mazoezi ya ngazi leo, mara 3 kwa wiki. Endelea kukimbia tambarare siku moja ndiyo, siku moja hapana, usivuke 8. Baada ya siku 10, nenda Goba au Makongo Juu, tafuta mwinuko. Panda dakika 30 ukichanganya, dakika 2 unakimbia, 2 unatembea. Shuka kwa kutembea. Kesho yake asubuhi hesabu hatua, na keshokutwa pia. Zikibaki pale zilipokuwa, tutaongea kuhusu 21 ya kutembea mlima wote na kukimbia sehemu tambarare. Zikipanda, mlima umekujibu.

Na hili lisisubiri jaribio: ukisikia "pa!" kama mtu kakupiga teke nyuma ya mguu, usikanyage, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mama Kilomita

Halafu usipande basi Jumamosi ukakimbia Jumapili. Dar hadi Moshi ni kutwa nzima umekunja miguu. Nenda Ijumaa, na njiani kila basi linaposimama shuka utembee.

Mhasibu wa Tabata *(siku 13 baadaye)*

Wakuu nimerudi na mahesabu, ndiyo kazi yangu.

Mazoezi ya ngazi nimefanya mara 5, begi lina kilo 8 za mchele. Kuinua kisigino kushoto nimefika 13 kutoka 9. Hatua za asubuhi zilishuka mpaka 15, nikaanza kujiona Simbu. Juzi Jumamosi nikaenda Goba. Dakika 30 kama nilivyoelekezwa. Wakati napanda sikusikia kitu, ningeweza kuendelea saa nzima. Jana Jumapili: hatua 60, nimefika hadi getini mguu bado mgumu, mlinzi akaniuliza kama nimegombana na mtu. Leo Jumatatu 35.

Kwa hiyo 21 nimeifuta. Nimewauliza waandaaji kama naweza kuhamia kilomita 5, nasubiri jibu. Wakikataa nitapanda hadi Mweka kwa bodaboda nikawagawie maji wenzangu 13. Wiki 12 za mchele naziendeleza.

Mazoezi Tiba

Umeamua vizuri. Hizo 5 ukipata, zikimbie kwa mwendo wa kuongea, kama zoezi. Hiyo 13 ndiyo ya kushangilia. Ikifika 20 kwa mguu ule, rudi hapa tupange mlima. Mbio zipo kila mwaka.

Mangi wa Pasua

Maji usihangaike, vituo vipo njia nzima. Wewe njoo na sauti.

Mhasibu wa Tabata

Sawa Mangi. Limebaki moja tu: fulana. Mgongoni 21, na mimi nakimbia 5.

Mama Kilomita

Vaa ya mkeo.

Mhasibu wa Tabata

Mke wangu ndiye aliyechukua nafasi ya Mwajuma wa mapokezi. Naye anakimbia 21.