Wana Mbeya: Chunya ilijazwa na dhahabu tu au kulikuwa na watu kabla?

Kamwene_Njombe:
Habari za humu wakuu. Nimehamishiwa kikazi Makongolosi nikitokea Njombe na kuna kitu kinanichanganya. Kila nikimuuliza mtu kwao ni wapi naambiwa babu alitoka Tukuyu, mwingine babu alitoka Malawi enzi za mkoloni, mwingine Mnyamwanga wa Tunduma, wengine Wasukuma wamekuja na ng'ombe juzijuzi tu. Sasa wenyeji wa Chunya ni akina nani hasa? Na hivi vimji, Chunya mjini, Makongolosi, Mkwajuni, Saza, Lupa Tingatinga, kwa nini vimetawanyika namna hii, unakatiza pori mpaka unasinzia afu ghafla unakuta baa, makarasha (mashine za kusaga mawe ya dhahabu) na stendi. Wanaojua watiririke, story za kijiweni nimezisikia za kutosha.

Mlupa_Mkongwe:
Karibu Makongolosi mkuu, jua la huku sio la Njombe, kunywa maji.

Watu walikuwepo, tena wa zamani. Kaskazini huko Kipembawe ni Wakimbu, upande wa Ziwa Rukwa ni Wabungu, hapa katikati Waguruka, na ukipanda milimani kuelekea Mbeya unawakuta Wasafwa. Ila walikuwa wachache kwa ukubwa wa eneo, maana pori lote lile la miombo lilikuwa na mbung'o, ng'ombe hafugiki, watu walikuwa wanalima vijishamba, wanawinda na kurina asali na nta. Ukimbu ndio ile aliyoishika mtemi Nyungu ya Mawe na rugaruga (wapiganaji) wake mpaka alipofariki 1884, binti yake Mgalula akarithi. Kwahiyo anayekwambia Chunya ilikuwa pori tupu kabla ya mzungu mwambie akasome tena.

Kilichobadilisha kila kitu ni Lupa, yaani eneo la dhahabu la hapa Chunya. Wajerumani walishajua kuna dhahabu ila rashi yenyewe, watu kukimbilia dhahabu, ilianza miaka ya 1920 chini ya Waingereza, dhahabu ya mchangani kabisa, unachota kwenye kijito unaosha. Wazungu wengi waliokuja hawakuwa na kampuni wala nini, mtu ana sululu, hema na vibarua wake basi. Afu 1931 Uingereza ikaacha kufunga pauni kwenye dhahabu, na 1934 Marekani ikapandisha bei ya dhahabu mpaka dola 35 kwa wakia, hapo ndo watu wakamiminika kweli. Serikali ikabidi iweke sheria za peke yake kwa eneo la Lupa.

Hao babu zao wa Tukuyu unaosikia ndo walikuja hapo. Wanyakyusa walikuwa wanatembea kwa mguu kutoka Rungwe, anapiga kibarua apate hela ya kodi na ng'ombe wa mahari, wengine wakarudi, wengine wakanogewa. Na wa Nyasaland (Malawi ya leo) na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia) hivyo hivyo.

Mwaisa wa Sokomatola:
Naongezea hapo kwa Mlupa, watu wa Mbeya mjini huwa tunajisahau sana tunaiita Chunya kijijini, wakati mji wetu wenyewe umeanza miaka ya mwisho ya 1920 kwa ajili ya kuwahudumia haohao wa Lupa. Maduka ya Wahindi, benki, hoteli, ndege za abiria za Waingereza za kwenda Kusini mwa Afrika kutua Mbeya, unadhani zilikuwa zinafuata viazi vya Uporoto? Tukuyu ina boma la Mjerumani, Iringa nayo ina boma lake, sie tuna dhahabu ya jirani. Hata mchele wa Rungwe na Kyela ulikuwa unapata soko Lupa maana wachimbaji hawalimi.

Na kabla ya barabara ya Tanzam (ya Dar kwenda Zambia) na reli ya TAZARA mizigo mingi ilikuwa inashushwa stesheni ya Itigi kwenye reli ya kati, halafu malori yanashuka nayo Rungwa, Chunya, mpaka Mbeya. Maana yake Chunya ndo ilikuwa njiani, Mbeya mwisho wa safari. Ilipokuja Tanzam mambo yakageuka, Chunya ikabaki nyuma ya mlima na vumbi lake mpaka lami ilipofika miaka hii ya karibuni.

Binti_Saza:
Mimi nimekulia Saza ngoja niseme ya kwetu. Ile ya mchangani iliyosemwa hapo juu iliisha mapema, ikabidi watu wafuate mwamba chini, na mwamba unataka mtaji. Ndo ukaja mgodi wa Saza mwishoni mwa miaka ya 30, mgodi hasa wenye mashine na kota za wafanyakazi, sio hema. Ulifungwa 1956. Ukifungwa mgodi jua na duka linafungwa, wengine wakaondoka, wengine wakageuka wakulima palepale.

Ila mtu asidhani paliisha. Yale mavumbi ya mgodi wa mkoloni, sisi tunayaita marudio, yamelala miaka mingi kama vichuguu vya kijivu, hayaoti hata majani, watoto tunateleza juu yake. Baadae wakaja watu wenye plenti (mitambo) za sayanaidi wanayaosha upya wanapata dhahabu ambayo mzungu alishindwa kuitoa. Mama mmoja jirani yetu alikuwa anajaza marudio kwenye viroba anauza, akajenga nyumba ya bati. Na 2012 ukaanza mgodi mpya wa New Luika hukohuko kwetu. Kwahiyo ukiuliza Saza ni mji wa lini, inategemea unauliza Saza ya ngapi.

Mtumbaku:
Nyie dhahabu dhahabu dhahabu, wilaya nzima mmeimaliza na karasha 😂 Njooni Lupa Tingatinga, Mtanila, Mafyeko, Mamba, muone kama kuna mtu aliletwa na rashi. Huku watu wamekaa kwa tumbaku ya mvuke, ardhi ipo, kuni zipo (zilikuwepo, tuseme ukweli, mabani ya kukaushia tumbaku yamekula miti vibaya mno), na mkulima anajenga anabaki. Mchimbaji akisikia kwingine kumetema anabeba godoro usiku, duara (shimo la kuchimbia) linabaki wazi na baa inafungwa. Vijiji vya wachimbaji kama Matundasi na Itumbi vimejaa na kupungua mara ngapi? Ndo jibu la vimji kutawanyika mkuu, kila kimoja kilimfuata mwamba wake. Kilichoibakiza Chunya mjini ni boma la wilaya, dhahabu peke yake isingetosha.

Kamwene_Njombe:
Asanteni sana, ndagha kama wanavyosema wenzenu. Swali la mwisho, Mkwajuni na Saza mbona kwenye makaratasi ya ofisini sizioni Chunya?

Mlupa_Mkongwe:
Kwa sababu hazipo tena Chunya. Chunya ya zamani ilikuwa karibu nusu ya mkoa wa Mbeya, sensa ya 2012 ilihesabu watu 290,478 wilaya nzima. Upande wa magharibi ukakatwa ikawa Wilaya ya Songwe, makao makuu Mkwajuni, na 2016 ukaingia Mkoa mpya wa Songwe pamoja na Mbozi, Momba na Ileje. Hapo Wabungu wengi wakahama mkoa bila kuhama nyumba. Na usichanganye, uwanja wa ndege wa Songwe upo mkoa wa Mbeya, makao makuu ya Mkoa wa Songwe yapo Vwawa, na mto Songwe ni miwili, mmoja unaingia Rukwa mwingine Nyasa mpakani na Malawi. Hata dereva wa bodaboda atakuuliza Songwe ipi.

Binti_Saza:
Ukipata wikiendi panda Kipembawe ukae na wazee wa Kikimbu, hayo ya kabla ya Lupa wao ndo wanayajua. Na ukija kwetu Saza usijifanye mtalii ukakatiza vichakani peke yako, mashimo ya zamani hayana uzio na masika nyasi zinayafunika kabisa, chukua kijana wa hapahapa akutembeze.

Mtumbaku:
Uje na msimu wa soko la tumbaku ndo utajua mji ni upi.