Mwaka wa kwanza chuoni ulikupokea vipi? Watu wa Lamu na Malindi tupeane uzoefu

Mtu wa Langoni (mwenye uzi)
Assalaam aleikum na habari zenu nyote. Vijana wetu washapangiwa vyuo na KUCCPS, ile taasisi ya serikali inayopanga wanafunzi vyuoni, na hapa mtaani kila nyumba ni mabegi, nasaha ni zile zile, usiache swala, usifuate makundi, na ni nasaha nzuri lakini mambo ya kawaida kabisa hakuna anayewaambia, pesa zaingia vipi, wikendi mtu anakaa wapi, anakula nini. Mie nilienda chuo Juja, kule karibu na Nairobi, na masomo yenyewe hayakunisumbua hivyo, kilichonisumbua ni kwamba hakuna mtu anakuuliza uko wapi. Hapa Amu, yaani Lamu, ukikata mtaa mmoja ushasalimiwa na baraza zima na nusu yao wajua wenda wapi. Kule unaweza kukosa darasa wiki nzima na mlango wako hakuna aliyeugonga. Kuna wanaoona ndio raha, mie nilikuwa nashinda na simu kitandani mpaka adhuhuri. Kilichonitoa ni asaimenti ya kikundi, lekcha alitupanga kwa namba za usajili nikaangukia kwa vijana wawili wa Machakos, wakawa wananipitia asubuhi twende. Ningeachiwa nichague mwenyewe ningewafuata Wapwani wenzangu tukaweka baraza letu huko huko, mwajijua nyie.
Haya semeni. Msiandike nasaha, andikeni mlivyoishi.

Kizingitini mpaka Kesses
Mie nilipangiwa Chuo Kikuu cha Moi, kampasi kuu, ile ya Kesses. Hebu hesabuni hiyo safari, boti kutoka Kizingitini na kusi bado kali mama anatapika upande huu mie upande ule, kisha Mokowe, basi la alfajiri mpaka Mombasa, treni ya SGR mpaka Nairobi, halafu basi tena mpaka Eldoret. Eldoret iko juu zaidi ya mita 2,000 na mie nimebeba shuka mbili na sweta ya skuli 😂 usiku wa kwanza nililala na viatu. Jaketi na blanketi nunueni huko huko kwenye mitumba, ya Mombasa ni nyepesi na wenye maduka wakijua wewe ni fresha, mgeni wa mwaka wa kwanza, wanakuuzia bei ya fresha.
Chakula ni ugali sukuma, githeri (mahindi na maharagwe), ugali sukuma. Utazoea, sina la kuongeza.
Lakini Ramadhani ya kwanza ndio iliyonivunja, mesi yafunguliwa asubuhi daku ishapita, jiko la umeme chumbani limekatazwa, watu wanalala wewe unatafuna mkate gizani. Ikabidi niwafuate jumuiya ya wanafunzi Waislamu ambao tangu nifike nilikuwa nawakwepa nikidhani watanipa majukumu. Walikuwa wanachangishana kidogo kidogo wanapika futari pamoja, watu wa Wajir na Garissa na pilipili zao ndogo, sisi wa pwani na ubishi wetu kwamba wali bila nazi si wali. Marafiki nilio nao mpaka sasa niliwapata kwenye kuosha sufuria zile. Na jumuiya hiyo ndiyo ilienda kwa lekcha mmoja aliyeweka yuniti yake, yaani somo lake, Ijumaa saa saba mchana, wakamuonyesha ratiba, akahamisha siku bila neno. Semeni jamani, wengi twakaa kimya halafu twanung'unika kwa simu kwa mama.

Barani, Malindi
Sisi wa karibu mmetusahau. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, kutoka Malindi ni kama kilomita 60, kwa hiyo nyumbani wakasema rumu ya nini, utakuwa unaenda na kurudi. Kwa karatasi ni saa moja, lakini matatu haiondoki mpaka ijae, na darasa la saa mbili ukitaka kuliwahi uwe barabarani kabla ya kumi na mbili, unafika unakuta darasa limehamishwa, walitangaza WhatsApp saa tano usiku ushalala. Diskasheni zote ni usiku, wewe uko ndani ya matatu. Halafu nyumbani hakuna anayekuona kama mtu wa chuo! Gesi imeisha ni wewe, kuna msiba Gede ni wewe, "si uko tu". Semista ya pili nilipiga hesabu ya nauli nikaona inakaribia nusu ya kodi ya bedsita, kile chumba kimoja cha kupanga, nikatafuta mwenzangu tukagawana. Msidanganywe na ukaribu.

Binti wa Mambrui
Kaka wa Barani usitishe watu. Mie nilienda na kurudi miaka yote minne na nimemaliza vizuri tu. Wasichana wengine kama si kulala nyumbani tusingesoma kabisa, hilo la bedsita kwetu hata halikutajwa mezani. Tofauti ni mama yangu, aliwaambia ndugu zangu wa kiume wazi kwamba huyu akirudi asitumwe, nanyi mna miguu. Inategemea nyumba.

Mkomani
Naja kwenye pesa. Wazazi wengi hudhani KUCCPS wakikupangia basi ushalipiwa. Hapana. Tangu ule mfumo mpya wa kugharamia vyuo wa 2023 lazima mwanafunzi aombe mwenyewe, udhamini na mkopo, na wanakuweka kwenye daraja kulingana na hali ya nyumbani. Baba yangu mvuvi, hana peislipi ya kuonyesha mshahara, kujaza ile fomu ilikuwa vita. Ukiwekwa daraja lisilo lako kata rufaa, usikae ukilia. Ya karo yaenda chuo, ya matumizi yaja kwako kwa mkupuo na mara nyingi yachelewa, kwa hiyo nenda na chochote cha kukusukuma wiki za mwanzo. Ikiingia sasa ndio utaona vituko, jirani yangu alinunua sabufa, spika kubwa ya muziki, mwezi uliofuata alikuwa anakuja kwangu na sahani. Mie nilimtumia shangazi yangu zote, akawa ananirudishia kidogo kidogo kila Jumapili kwa M-Pesa. Walinicheka sana wakaniita mtoto wa shangazi, sawa tu, nilikula.

Mama wa Malindi
Mie ni mzazi. Wangu alipelekwa magharibi huko, mwezi wa kwanza tu akataka kuhamia Pwani. KUCCPS hufungua dirisha la kuhama, lakini lazima pointi zako za klasta, zile za masomo ambayo kozi inayataka, zifike za ile kozi unayoitaka, na zake hazikufika. Alilia, nami nikalia baada ya kukata simu. Nilimwambia maliza semista hii kisha tuzungumze, semista ikaisha hakuleta tena mazungumzo nami sikumuuliza. Sasa yuko mwaka wa tatu na likizo haji mpaka nimuite.

Mkomani
Shikamoo mama, huyo ashapata kwao kwengine 😂

Muyeye
Fupi tu. Kati (CAT, majaribio ya ndani ya semista) kwetu ilikuwa maksi 30, mtihani wa mwisho 70. Kila kati uliyofanya piga picha, kila darasa saini, maana maksi hupotea na ikipotea wewe ndiye unayeambiwa ulete ushahidi.

Fresha wa Matondoni
Asanteni wakubwa. Nimepangiwa Maseno, kuna mtu huko? Na je nibebe godoro na ndoo kutoka Lamu?

Kizingitini mpaka Kesses
Godoro kwenye boti?? Wewe! Piga simu chuoni uulize kwanza, kuna hosteli zinatoa na zisizotoa, na kama hazitoi utanunua mjini ukifika, ndoo pia. Beba halua na achari. Na halua usibebe kidogo, usiku wa kwanza itaisha.